Kichanga, Kinanda na Kwaya ya Mwenge: Mwongozo kwa Mwalimu wa Muziki wa Kilwa

Hongera kwa kujifungua salama. Mwongozo huu ni wako wewe mwalimu wa muziki wa Kilwa Masoko, Kivinje, Mchinga au Lindi mjini, uliyekwisha kugundua kwamba vitabu vya malezi wameviandika watu wasio na kwaya, na vitabu vya kwaya wameviandika watu wasio na mtoto, au waliokuwa na mtoto na mke wa kumshika.

Watakaokuja kukuona wiki hizi wataleta sabuni, khanga na mifano. Mfano unaopendwa na wasomi wa ofisi ya walimu ni Johann Sebastian Bach. Mbona yule alikuwa na watoto 20, akafundisha shule huko Leipzig kuanzia 1723, na bado akatunga muziki wa kujaza makabati? Mjibu kwamba mtu wa kuulizwa hapo ni Anna Magdalena. Huyu alikuwa mwimbaji wa mshahara katika jumba la mtawala wa Köthen. Akaolewa na Bach mwaka 1721, akakuta watoto wa marehemu mke mwenzie, akazaa wengine 13, saba akawazika wangali wadogo, na katikati ya hayo yote alikuwa akinakili nota za mumewe kwa mkono. Mume akafa 1750. Yeye akafuata miaka kumi baadaye, akiishi kwa sadaka. Basi njia ya hakika ya kulea kichanga na kufundisha muziki kwa pamoja ni kuwa Bach. Ikishindikana, endelea kusoma.

Pata bibi

Kabla ya pampasi, kabla ya beseni, pata bibi. Nasema bibi, sisemi yaya. Yaya utampata, atakaa vizuri mpaka ufuta ukomae, kisha atakuaga kwa adabu zote kwamba kwao wanavuna. Kumwona tena ni mpaka mnada upite na watu wamelipwa. Bibi haendi kwenye ufuta. Bibi anashuka Masoko na mkoba wake, anauliza maji ya moto yako wapi, na tangu saa hiyo nyumba si yako.

Atakukanda. Utapiga ukelele, na kwa kuwa wewe ni mtu wa muziki utatambua, hata katikati ya maumivu, kwamba umeifikia nota ambayo hukuipata tangu chuo. Atakunywesha uji wa pilipili manga mpaka jasho likutoke masikioni. Hutavuka kizingiti mpaka arobaini itimie. Zifaidi siku hizo, maana ndizo pekee katika utumishi wako ambazo mwalimu mkuu hatakupigia simu. Sheria anaijua juu juu, lakini bibi anamjua vizuri.

Kwa faida yake na ya wenzake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapata siku 3, na azichukue ndani ya wiki ya kwanza. Mila imekupa siku 40. Shule imekupa mpaka Mwenge ufike wilayani. Hesabu ipi kati ya hizo itashinda, utaona mwenyewe.

Ukijaliwa mabibi wawili kwa wakati mmoja, mzaa mama na mzaa baba, umepata neema na vita katika mfuko mmoja. Katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, miji ya Tanganyika, pwani na bara, iliingiwa na beni, ngoma ya tarumbeta na gwaride, na watu wakajigawa kambi mbili, Marini na Arinoti, kila kambi na sare zake na vyeo vyake, wakishindana kwa mavazi na karamu. Nyumba yako sasa ndiyo hiyo. Marini wanataka mtoto avae kofia ya sufu saa saba mchana, joto la Kilwa likiwa limesimama wima. Arinoti wanataka apakwe wanja kwenye paji la uso kabla mgeni yeyote hajamtia jichoni. Usijifanye mwamuzi. Mvalishe kofia, mpake wanja, na mgeni akitoka vua kimoja.

Kuna jambo moja tu litakalowaunganisha Marini na Arinoti, nalo ni wewe kuanza kumzoesha mtoto sauti. Umesoma mahali kwamba sikio hujengwa mapema, basi usiku wa manane unamwimbia ngazi ya solfa, kupanda na kushuka.

"Mwalimu," bibi atakuita. Akikuita mwalimu ujue amekasirika, siku nyingine wewe ni mwanangu. "Huyo anataka ziwa."

"Najua, mama. Namzoesha sauti tu."

"Do re mi ale na nini?"

Mpe ziwa. Akishiba na bado analia, bibi atamchukua, atampiga mgongoni taratibu kwa kiganja kilichokunjwa, na ataimba bembelezi aliyoipata kwa bibi yake. Sikiliza vizuri, kwa sababu umesomea jambo hili na hujawahi kulisikia chuoni. Wimbo una nota chache tu, hauna haraka ya kurudi nyumbani, na mapigo yake ni kile kiganja. Pumzi ya bibi ikipungua, mstari nao unapungua, pumzi ikirudi unarefuka. Mtoto halali kwa sababu wimbo umekwisha, analala kwa sababu hajui utakwisha lini. Ukitoa simu urekodi, bibi atanyamaza na kukuuliza unakwenda kuuuza wapi.

Kurudi shuleni bila kuvunja sheria wala kinanda

Sheria ile ile inasema mama anayenyonyesha apewe muda wa hadi saa 2 kwa siku katika saa za kazi akanyonyeshe. Kwa lugha ya shule hizo ni dakika 120, yaani vipindi vitatu vya dakika 40. Chapisha ukurasa huo, upeleke ofisini. Mwalimu mkuu atausoma kwa huruma, atasema "sheria nzuri sana hii, mwalimu," ataukunja mara mbili, atautia kwenye droo, kisha kwa mkono ule ule atakukabidhi kwaya ya Mwenge.

Mwenge wa Uhuru uliwashwa kileleni Kilimanjaro Desemba 1961, na siku hizi kila mwaka unapita halmashauri zote za nchi. Hauwezi kupokelewa kimyakimya. Lazima pawe na watoto, watoto lazima waimbe, na wimbo lazima ubebe ujumbe wa mwaka. Mwaka 2024 ujumbe ulihusu utunzaji wa mazingira na uchaguzi wa serikali za mitaa. Mimi sijaona chuo, hata Bagamoyo wanakofundisha sanaa tangu enzi za Mwalimu, kinachoonyesha namna ya kuuweka "uchaguzi wa serikali za mitaa" ndani ya mapigo manne na mtoto wa darasa la nne akapata nafasi ya kuvuta pumzi. Utautunga saa nane za usiku, mtoto begani ukisubiri acheue. Ni saa nzuri ya kutunga, kwani uko macho kwa vyovyote vile.

Na usione kwamba umeonewa. Miaka mingi mwalimu wa muziki alikuwa mtu wa kufundisha Uraia asubuhi, kuchora mistari ya uwanja mchana, na kukumbukwa na filimbi yake siku ya mahafali. Mitaala iliyoboreshwa ya 2023 imezirudishia sanaa heshima, mpaka sekondari kuna mkondo wa amali unaozikaribisha. Jambo ulilolipigania kwenye vikao vya walimu kwa miaka limekubaliwa, na limekuja kubisha hodi mwezi ule ule ambao huwezi kumaliza kikombe cha chai kikiwa bado cha moto. Shukuru. Kisha omba msaidizi. Kisha shukuru tena, maana msaidizi hatakuja.

Kwaya isiyosimama

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, ambayo kwayo nadhani mwongozo huu unastahili kusomwa.

Mazoezi ni saa tisa alasiri chini ya mwembe, kwani darasa la bati saa hiyo linaoka watu. Umepata watoto sitini, baadhi nyumba zao ziko ufukweni, baadhi wametembea kutoka mashambani, na angalau watano wamekuja kwa sababu wamesikia kutakuwa na soda. Bibi leo amekwenda msibani Lindi, huna wa kumwachia mtoto. Mfunge kwa mbeleko. Mfunge mgongoni, kwa sababu mikono unaihitaji mbele. Anza na Wimbo wa Taifa. Sauti yake ni ile aliyoitunga Enoch Sontonga kule Afrika Kusini mwaka 1897, haina papara, na hata wale wa soda wanaijua.

Sauti ya kwanza itaingia, mtoto atajipindapinda. Sauti ya pili, atanung'unika. Sauti ya nne wakiingia, wale wavulana wa darasa la saba ambao koo zimewavunjika juzijuzi na wenyewe hawajaamini, ngurumo yao itakupita kifuani na kutokea mgongoni, na utasikia shavu la mtoto limelegea kwenye bega lako. Amelala. Dunia ni nzuri. Na hapo hapo sauti ya pili watakosea. Watapanda juu kuwafuata wa kwanza, mahali pale pale wanapokosea kila siku.

Desturi yetu walimu wa kwaya inajulikana: unapiga makofi, unasimamisha wote, unawasema, unawauliza kama wamekula, unaanza upya. Leo usithubutu. Kelele haimwamshi mtoto wa mwalimu wa muziki, kinachomwamsha ni kimya. Kwaya ikisimama tu, macho yatafunguka, na mazoezi yatakuwa yamefungwa kwa siku hiyo.

Basi sahihisha bila kusimama. Kidole sikioni maana yake msikilize jirani. Kiganja chini, shukeni. Mtafute kwa macho yule msichana wa mstari wa pili anayeijua sauti ya pili kwa hakika, kila kwaya inaye, na mara nyingi ndiye mpole kuliko wote. Mwambie kwa nyusi ageukie wenzake. Atageuka na kuwaimbia mistari yao usoni, karibu kabisa, mpaka wanaona aibu na kushuka. Wimbo ukiisha unganisha wa pili bila kuvuta pumzi. Ukikosa wa pili, rudieni ule ule.

Fanya hivyo wiki kadhaa uone. Watoto waliozoea kukosea kwa amani, wakijua mwalimu atasimamisha, sasa hawana wa kuwasimamishia. Wanaanza kusikilizana. Kosa likitokea mstari wa nyuma utaona vichwa vinageuka kabla hujainua kidole. Siku moja watashika sauti mbili zikae pamoja bila kuvutana, watatazamana kama waliofumaniwa, na wale wa soda hawatauliza soda iko wapi. Kwa siku kama hiyo mtu anavumilia mengi, na hili silisemi kwa kejeli. Mdhibiti ubora wa shule akija na kuuliza umetumia mbinu gani, usimtajie mtoto. Mwambie mbinu shirikishi. Ataandika.

Wataomba singeli, lazima. Ngoma yenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika na mtoto mgongoni ni jambo ambalo mbeleko haikushonewa. Waahidi singeli siku mtoto atakapoanza kutembea.

Atakuja mtu kukusifu kwamba umebuni kitu. Mpe jibu fupi: wanawake wa pwani hii wamekuwa wakipiga ngoma za unyago na watoto mgongoni tangu hapo, na mafundi wengi wa ngoma hizo walisikia pigo lao la kwanza wakiwa ndani ya kitambaa. Hakuna aliyewaitia semina ya kuoanisha kazi na malezi. Ila usiipake sukari habari hiyo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake na sultani kwa ukarimu wake. Nani alikuwa amebeba watoto siku hiyo hakuona haja ya kuandika, na tangu hapo waandishi wengi wamefuata nyayo zake.

Vifaa

Gesi ya Songo Songo inachimbwa wilaya hii hii, na tangu 2004 inafua umeme wa Dar es Salaam. Kinanda chako kipo umbali wa kuonana kwa macho na bahari hiyo ya gesi, na katikati ya wimbo kitazimika. Kwa hiyo tegemea dufu.

Dufu halikatiki umeme. Na wewe una bahati ya pekee, kwa sababu nyumba yenye kichanga ina akika, akika ina mbuzi, na mbuzi ana ngozi. Ngozi ya akika haiuzwi, lakini kuitumia ni jambo la kumuuliza sheikh wako, na wa kwetu hawana roho mbaya. Mtoto wa kiume mbuzi wawili, wa kike mmoja. Ndiyo kusema waliozaa wavulana wamefaidi kwa upande wa madufu, na ni mojawapo ya faida zao chache zinazosikika masikioni. Ngozi ikilegea kwa unyevu wa bahari, isogeze karibu na jiko mpaka ikaze, na kwa moto huo huo chemsha vyombo vya mtoto. Usichanganye muda.

Nyuzi za gitaa agiza mapema kutoka Dar, pamoja na pampasi. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Lindi hapa wilayani, wapo waliojua ni kipi kati ya hivyo viwili kina mbadala. Nepi za kitambaa zipo.

Kalenda

Ufuta, huna yaya. Korosho, huna wanafunzi. Ramadhani, kwaya inalala na wewe huli mchana lakini unanyonyesha, na ruhusa unayo, itumie bila kuwaeleza majirani. Mfungo Sita, mwalimu wa madrasa atakuja kwa upole kuuliza kama unaweza kuwanyoosha vijana wake wa kasida, maana maulidi ni karibu na sauti zinakwenda kila upande. Kubali. Vijana wale wana mikono ya dufu inayokushinda wewe mwenye cheti, nawe una sikio la kutenganisha sauti. Utatoka umefundisha kidogo na kufundishwa sana, na mtoto atakuwa amepakatwa na nusu ya mtaa.

Kwa baba

Baba naye anaweza kuwa mwalimu wa muziki. Ana siku zake 3. Ya kwanza atapokea hongera, ya pili atatafuta mbuzi, ya tatu atalala. Ya nne yuko kazini, amechoka kuliko mzazi, na anawasimulia wenzake jinsi usiku ulivyokuwa mgumu.

Ushauri ni huu: mbebe mtoto uende naye kwenye kwaya, hata mara moja. Utaona maajabu. Mama akitokea mazoezini na mtoto mgongoni, watu wanaulizana hana msichana wa kazi? Baba akitokea hivyo hivyo, bodaboda wanazima pikipiki wapige picha, mwalimu mkuu anatoa kiti, na mratibu elimu kata anataka kujua huo moyo ameupata wapi. Zipokee sifa hizo, kisha uendelee kumbeba na kesho, wapigapicha wakiwa wameshaondoka. Ziwa huna, lakini mgongo unao, na sauti yako nzito, kama tulivyoona kwa wavulana wa darasa la saba, ni dawa iliyothibitishwa chini ya mwembe.

Bibi akiaga

Siku itafika bibi atafunga mkoba. Amekaa kuliko alivyopanga, shamba lake limeota nyasi, na mzee kule nyumbani ameanza kutuma ujumbe kwa kila anayepita. Mpe nauli, mpe khanga pea moja, na usimwambie kwamba sasa umeshazoea, kwa sababu hujazoea. Mwombe ruhusa ya kuiandika ile bembelezi. Atakataa mara mbili.

Kisha keti ujaze taarifa ya kwaya, ile inayokwenda kwa mratibu. Utakuta nafasi imeandikwa "Walimu wasaidizi", ambayo miaka yote umeiacha wazi. Andika jina la bibi, kamili, na la babaye. Upande wa majukumu andika: malezi ya mwalimu, mwanafunzi mmoja wa awali, na sauti ya pili. Mratibu akipiga simu kuuliza cheki namba ya msaidizi huyo, mpe namba ya simu ya bibi, wakaongee wenyewe.